Biriani Kabla ya Swali

Saba kati ya wasikilizaji wanane walisema mlinzi hana kosa. Wakili Ghania alizikusanya karatasi zao, akazigonga mezani mpaka kingo zikalingana, akatabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile.

"Umeona, Masuda? Kesi yetu imesimama."

Masuda alikuwa ameishika karatasi ya nane. Ilikuwa na neno moja tu, limepigiwa mstari: Alijua.

"Mmoja kati ya wanane," Ghania alisema. "Hata harusini hukosi mmoja wa kununa."

Ilikuwa Alkhamisi alasiri, katika ukumbi mdogo wa kukodi, ghorofa ya pili, Al Barsha. Wasikilizaji walikuwa wakiaga mlangoni. Sahani za biriani zilirundikwa kwenye meza ya pembeni, na harufu ya zafarani na vitunguu vya kukaanga ilikuwa bado imeshika mapazia.

Kikao kile kilikuwa wazo la Ghania. Mahakama za Dubai hazina raia wa kukaa kizimba cha pembeni na kuamua kesi. Jaji husoma hati, husikiliza, huamua. Mawakili wenzake walimcheka. Jaji si mtu wa sokoni, walimwambia. Yeye aliwajibu kwamba jaji naye ana masikio, na kwamba wakili akilala na faili miezi kadhaa hawezi tena kulisikia tundu lililomo ndani ya hadithi yake mwenyewe. Anahitaji masikio mageni. Kampuni za kufanya kazi hiyo zipo, lakini Ghania aliifanya kwa mikono yake: wasikilizaji wasiomjua mteja, majina yote yamebadilishwa, pande mbili zinasimuliwa kwa nguvu sawa, na kila mtu anaandika uamuzi wake kabla hajafungua mdomo, ili mwenye sauti kubwa asiwaburute wengine. Sharti la mwisho ndilo kubwa kuliko yote: wasijue ni upande gani uliowaita.

Mteja aliitwa Lawrence, mlinzi kutoka Nakuru, kazini kwenye stoo moja ya vipuri vya magari huko Ras Al Khor. Ijumaa moja ya kiangazi, watu wakiwa msikitini, kiyoyozi kibovu kilishika moto upande wa mbele wa stoo. Mlango wa mbele ulikuwa wa umeme, na umeme ulikatika. Mlango wa nyuma ulikuwa na kufuli kwa nje. Ndani alikuwemo mtunza stoo, Hafiz, kijana wa Kizanzibari aliyezaliwa papa hapa Dubai. Walimkuta nyuma ya mlango ule. Ufunguo alikuwa nao mtu mmoja tu, Lawrence, naye alishtakiwa kwa uzembe uliosababisha kifo. Maelezo yake polisi yalikuwa mafupi: alitia kufuli kama kila Ijumaa, na hakujua kama kuna mtu ndani.

"Karatasi hii ya nani?" Masuda aliuliza.

Teresiah, karani wa ofisi, alichungulia. "Ya yule mama wa buibui la kahawia. Tufaha. Ndiye huyo anaingia lifti."

Masuda alitoka mbio. Kabla hajaajiriwa na Ghania alichunguza madai ya bima za magari, na kazi ile ilimwachia tabia moja: watu wakimkubalia haraka, yeye humtafuta aliyekataa. Aliuwahi mlango wa lifti kwa kiganja.

"Samahani, mama. Umeandika alijua. Alijua nini?"

"Alijua kuna mtu ndani," Tufaha alisema. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwalimu mstaafu wa madrasa, mwenye sauti ya kuzoea kusikilizwa. "Mmeniuliza, nimejibu. Au jibu langu baya?"

"Si baya. Umelijuaje?"

"Hadithi yenu imenambia. Hebu niachie mlango, mwanangu. Nna saumu leo, nataka nikafuturu kwangu."

Lifti ikashuka naye.

Masuda aliporudi ukumbini, Ghania alikuwa amekwishavaa miwani na kufungua kompyuta. "Naituma hati ya utetezi leo," alisema. "Hakujua kuna mtu ndani. Mlinzi mmoja amepewa stoo mbili kuzilinda peke yake, lawama ni ya kampuni. Basi, khalas."

"Subiri mpaka Jumapili, Bi Ghania."

"Nisubiri nini? Kesi Jumanne."

"Sijui bado."

"Ukijua, nambie," Ghania alisema, na kidole chake kikabonyeza.

*

Masuda aliianza Ijumaa yake kwa Teresiah.

"Wale watu uliwapata wapi?"

"Madam, unanishuku?" Teresiah aliweka kikombe chini. "Kwa sababu mimi Mkenya na Lawrence Mkenya?"

"Nashuku kila mtu. Na wewe umo."

"Haya. Wawili nimewatoa saluni ya hapo chini. Mmoja anauza manukato, wawili ni wa hoteli, mmoja dereva, mmoja anasafisha shule. Huyo mama wa saumu nilimpata kliniki ya meno. Hakuna anayesali kanisa la Lawrence. Hakuna anayejua hata Ras Al Khor iko upande gani, isipokuwa dereva. Nilifanya vile Bi Ghania alisema. Unataka kuona simu yangu?"

Masuda aliiona simu. Teresiah alisema kweli. Njia ile ikafa hapo.

Alikaa na picha za video za kikao. Alitafuta kitu kinachomtenga Tufaha na wengine saba. Si umri, maana dereva alikuwa mkubwa zaidi. Si asili, maana wanne walikuwa watu wa pwani kama yeye. Si kiti, maana alikaa katikati. Akairudisha video nyuma kabisa, kabla ya hadithi, kabla ya swali la kwanza. Akajiona mwenyewe, mikono ya nguo imekunjwa hadi kwenye viwiko, anapakua. "Kula, kaka. Ongeza nyama. Hujala wewe!" Anacheka nao. Anamfungia Tufaha sahani yake kwenye karatasi ya foili aende nayo. Kisha anafuta mikono, Ghania anasimama na kusimulia upande wa mashtaka, na baada ya Ghania anasimama yeye, Masuda, na kumsemea mlinzi.

Aliisimamisha picha hapo. Kwenye meza ya pembeni, nyuma ya bega lake, zilionekana sahani saba zilizolambwa na moja iliyofungwa vizuri, ambayo mwenyewe aliiacha.

Muuza manukato aliitwa Marwan, na duka lake lilikuwa hatua chache tu kutoka kwenye ule ukumbi. Masuda alimkuta akipanga chupa.

"Aa, mwenye biriani!" Marwan alisema. "Ile nyama nani kaipika? Mwambie mimi nataka kuoa."

"Kaipika mama yangu, na ana mume. Jana uliandika mlinzi hana kosa. Kwa nini?"

"Kwa sababu hana kosa."

"Kaka Marwan, jana imepita. Leo sikukupa kitu. Nambie kwamba mlinzi hana kosa ukinitazama."

Marwan alizungusha chupa mkononi. Hakumtazama.

"Binti, mimi nimelelewa," alisema hatimaye. "Nimekaa kwako nimekula sahani mbili. Umenipakulia kwa mkono wako. Halafu unasimama unamtetea yule kijana, uso wako mtu anausoma kutoka barabarani. Nikuambie mtu wako mwongo? Mate ya biriani yako bado mdomoni?"

"Kwa hiyo ni mwongo?"

"Mimi nilidhani hivyo. Na yule dereva pia, tulisemezana ngazini. Lakini tukasema, basi, huyo mlinzi ni mtu wao, tusiwavunje moyo."

Masuda alimshukuru. Alipofika mlangoni Marwan alimwita.

"Nimeharibu kitu?"

"Wewe hukuharibu," Masuda alisema. "Aliyepakua ndiye aliyeharibu."

*

Ghania alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Alikuwa mtoto wa nyumba ya wageni wengi. Hakuhitaji kuelezwa mara mbili.

"Mimi ndiye niliyekwambia ulete biriani," alisema.

"Na mimi nikapakua."

"Mama angetucheka." Alivua miwani. "Kwetu huwezi kumwita mtu nyumbani ukamuuliza jambo kabla hajala. Sasa hati ishafika mahakamani, Masuda. Nimeandika hakujua. Kwa jina langu."

"Tukae kikao kingine kesho."

"Bila chakula."

"Maji tu. Na mimi sisemi neno."

Jumamosi asubuhi walikuja wasikilizaji sita wapya. Teresiah alizisoma pande zote mbili, sauti moja, mkao mmoja, kama mtu anayesoma taarifa ya habari. Masuda alikaa nyuma kabisa. Ghania hakuingia ukumbini; alitazama kwa kamera akiwa chumba cha pili. Waliwaonyesha pia picha ya kamera ya stoo ya jirani, ile ambayo wale wanane walisimuliwa tu, na ambayo Ghania aliipenda kuliko ushahidi wote mwingine. Ilimwonyesha Lawrence akitoka getini kwa kasi mara moshi unapotokea, anapita mbele ya jengo, anazunguka, anafika mlango wa nyuma. Katika hati yake Ghania aliiita picha ya ushujaa.

Wakaandika. Teresiah akazisoma karatasi zao. Watano kati ya sita waliandika kwamba mlinzi alijua.

"Kitu gani kimekufanya uandike hivyo?" Teresiah alimuuliza aliyekaa mwisho. Aliitwa Zadock, mbeba mizigo wa hoteli, mtu wa Kakamega.

"Si mmetuonyesha picha?"

"Picha gani hasa?"

"Ya kukimbia. Moshi unatoka mbele, sivyo? Mpira wa maji uko mbele, nimeuona mwekundu ukutani. Jamaa ameupita kama haupo. Simu hajatoa. Amezunguka mpaka nyuma, na funguo tayari ameshachagua mmoja. Sasa alikuwa anaenda kuokoa nani huko nyuma? Vipuri?"

Watu walicheka. Kisha kicheko kikakatika chenyewe, na mwanamke aliyekuwa ameandika kwamba hakujua akaomba arudishiwe karatasi yake.

Mlango wa chumba cha pili ulifunguka. Ghania alisimama pale bila miwani, akasahau kwamba hakutakiwa kuonekana.

Wasikilizaji walipoondoka alisema, "Picha hiyo nimeitazama mpaka macho yameniuma. Nilikuwa nahesabu kasi yake. Sikutazama anakwenda wapi."

"Mwendesha mashtaka anayo picha hiyo hiyo," Masuda alisema.

"Ndiyo. Na sasa anayo na hati yangu. Jumanne akisimama akasema mtu huyu alijua, akamtilia mwenzake kufuli, kisha akawadanganya polisi na wakili wake akadanganya naye, uzembe hautakuwa uzembe tena. Ataomba shtaka la kuua kwa kukusudia. Kijana ataozea ndani." Alikaa chini. "Nenda kwa Lawrence. Usimbembeleze."

*

Lawrence alikuwa nje kwa dhamana, pasipoti yake imezuiwa, anaishi kwenye kambi ya wafanyakazi huko Muhaisnah. Jumapili Masuda alimkuta uani, akianika sare ambayo hakuwa akiivaa tena. Mabasi ya kampuni yalikuwa yakirudisha watu wa zamu. Wakapita kando yao kimya na makopo yao ya chakula.

"Madam Masuda. Kuna habari?"

"Ipo. Kwa nini hukuuchukua mpira wa maji?"

Lawrence aliendelea kukung'uta shati. "Mpira gani?"

"Ule uliopita karibu nao. Ulikwenda moja kwa moja mlango wa nyuma, ufunguo umeuchagua. Ulijua kuna mtu."

"Nilishaandikisha kwa polisi."

"Nimesoma ulichoandikisha. Nakuuliza kilichotokea."

"Ni hicho hicho."

"Ulimchukia Hafiz?"

Shati likamponyoka mkononi. "Nani amesema hivyo?"

"Jumanne mtu mwenye joho atasema hivyo. Atasema ulimfungia ili afe. Mimi sitakuwa na la kumjibu, kwa sababu wewe hujanipa la kumjibu. Ulimchukia?"

"Huyo alikuwa rafiki yangu!" Lawrence alisema kwa sauti, na watu wawili wa basi wakageuka. Akaishusha. "Alikuwa ndiye mtu pekee pale ananiita kwa jina. Wengine wote ni haaris, haaris, mlinzi tu. Yeye alikuwa ananiletea chapati za mama yake."

"Basi ulimfungia kwa nini?"

Lawrence aliokota shati, likiwa limejaa mchanga, akaanza kulikunja hivyo hivyo.

"Aliniomba."

"Alikuomba umtilie kufuli?"

"Kila Ijumaa. Arbab, yule bosi mwenye stoo, akielekea msikitini lazima azunguke nyuma atikise kufuli. Akikuta iko wazi ataingia. Sasa Hafiz ananiambia, Lawrence, nifungie, ukisikia wanarudi nifungulie. Wenzake wanajua ameenda kusali msikiti wa kwao Rashidiya. Kwao wanajua amesali na wenzake huku. Yeye yuko ndani kwa maboksi, amelala."

"Amelala?"

"Usingizi tu, madam. Hakuwa anakunywa, hakuwa na mwanamke. Mama yake ana ugonjwa wa kifua. Usiku ukimbana, ni Hafiz anakaa naye, anamshikia ile mashine ya mvuke, mpaka asubuhi. Halafu anakuja kazi. Ijumaa saa ya maombi ndiyo saa pekee stoo inanyamaza."

"Angemwambia mama yake amechoka."

"Nilimwambia hivyo. Akasema, mama akijua sijasali kwa sababu yake, atakuwa anajizuia kukohoa usiku." Lawrence alifuta uso kwa sare ile yenye mchanga. "Mimi ni Mkristo. Nilisema, hiyo ni mambo yao na Mungu wao, wacha mtu alale. Nikatia kufuli. Ile siku kufuli lilikuwa limepata moto. Ufunguo uliingia, lakini haukuzunguka. Alikuwa ananiita kwa jina, madam. Mpaka akanyamaza."

Basi lingine liliingia. Masuda alingoja lizime injini.

"Kwa nini hukusema polisi?"

"Nilienda matangani Rashidiya. Nilikaa nje na wanaume. Nikasikia wanawake wanalia ndani, wanasema amekufa Ijumaa, na kanzu yake mkononi, anakwenda kusali. Wanasema hicho ndicho kinamweka mama yake hai. Sasa mimi niende nimwambie nini? Eti mtoto wako alikuwa anakudanganya?"

"Utafungwa, Lawrence."

"Niliyemfungia ni mimi."

Masuda aliuliza swali alilokuja nalo mfukoni, lile ambalo Ghania angeliuliza kwanza.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Hiyo kanzu. Alikuja nayo?"

"Kila Ijumaa. Kwa mfuko wa nailoni, imepigwa pasi. Alikuwa anaitundika msumarini juu ya maboksi ili isikunjike. Jioni anarudi nayo kwa mfuko huo huo. Ile ya siku ya mwisho iliungua."

"Hakuivaa hata mara moja?"

"Alikuwa analala na vesti."

"Na nani alikuwa akiifua?"

Lawrence alimtazama. Alielewa kabla Masuda hajamaliza pumzi, akaanza kutikisa kichwa. "Hapana. Madam, hapana. Tafadhali usiende kwa huyo mama."

*

"Neno la mshtakiwa peke yake, baada ya hati iliyosema kinyume, halina uzito wa bua," Ghania alisema kwenye simu. "Lakini kama mama wa marehemu akisema kanzu ilikuwa ikirudi kama ilivyokwenda, hadithi ya Lawrence itapata miguu. Na akisema kwamba yeye mwenyewe hamdai Lawrence damu ya mwanawe, jaji atalisikia hilo kuliko maneno yangu yote. Hati mpya naiandika usiku huu, na ndani yake nakiri kosa langu. Masuda?"

"Nakusikia."

"Asije akalisikia mahakamani kwa mara ya kwanza. Nenda sasa. Na unajua vya kufanya."

"Najua vya kutofanya."

Bi Zulaika alikuwa na nyumba ya chini Rashidiya, yenye ua mdogo na mlango wa buluu. Alimpokea Masuda kwa mikono miwili, ingawa alikuwa amemwona mara mbili tu, na akijua anafanya kazi upande gani.

"Karibu ndani, mwanangu. Wewe mtoto wa Unguja, huji kwangu kama askari. Kaa."

Pembeni ya kochi ilikuwepo mashine ya mvuke ya kifua, mpira wake umezungushwa vizuri juu. Ukutani, picha ya Hafiz mwenye kofia. Bi Zulaika alikuwa mwembamba, kila sentensi anaivuta pumzi kwanza.

"Kule kwenu mnamtetea yule kijana," alisema. "Sikulaumu. Kila mtu na kazi yake. Mie nimeshasema, mwanangu Mungu kamchukua siku njema. Ijumaa, na kanzu yake nimempigia pasi kwa mkono huu. Nikikumbuka hilo, nalala."

Aliinuka, akaenda jikoni polepole, akarudi na sinia. Wali wa nazi, samaki wa kupaka, kachumbari. Aliviweka mbele ya Masuda na beseni la kunawia.

"Nawa ule. Ndo tuzungumze."

Masuda aliweka mikono magotini.

"Bi Zulaika, nisamehe. Siwezi kula."

"Una saumu? Leo Jumapili."

"Sina saumu. Nikila, sitaweza kukwambia nililokuja kukwambia. Nitakula chakula chako, nitakutazama, kisha nitakwambia uongo niondoke. Nimeshakosea hivyo wiki hii."

Bi Zulaika alimtazama. Kisha akachukua kawa, akalifunika sinia, akaketi mkabala naye, mikono juu ya kanga.

"Basi sema."

Masuda alisema. Alianza na kufuli, akaja kwa Arbab, akaja kwa maboksi. Hakupamba. Alipofika kwenye sababu ya ule usingizi alinyamaza, akaitazama mashine, akaona kwamba mwanamke yule naye ameshaitazama. Akaimalizia sentensi.

Mkono wa yule mama ukaugusa mpira wa mashine.

"Alikuwa akiniambia anapenda kukesha," Bi Zulaika alisema. "Ananambia, mama, mie ndege wa usiku, kohoa tu." Akageuka kwa mgeni wake. "Na yule Mkenya kakaa kimya mpaka leo?"

"Alikuja matangani. Alisikia mnavyosema. Hakutaka kukunyang'anya."

"Nilimwona. Alikaa nje juani, wenzake wote kivulini. Nikasema moyoni, muuaji anatafuta radhi." Alijifuta kwa ncha ya kanga. "Unataka nini kwangu, mwanangu? Sema lote."

"Nataka nikuulize jambo moja. Ukinijibu, huenda nikakuomba ulirudie Jumanne mbele ya jaji. Ukikataa nitaondoka, na sitakulaumu."

"Uliza."

"Kanzu ikirudi Ijumaa jioni. Ilikuwaje?"

Bi Zulaika alifungua mdomo kujibu upesi, kama mtu aliyeulizwa jina lake. Kisha akaufunga. Vidole vyake vikaanza kusugua ncha ya kanga, polepole, gumba juu ya kidole cha shahada, kama vile ana kola mkononi na anatafuta doa.

Alisugua kwa muda mrefu.

"Ras Al Khor kuna vumbi," alisema. "Kuna mafuta. Wanawake wenzangu wote walikuwa wakilalamika, kanzu za watoto wao hazitakati bila sabuni ya kipande. Magotini, hapa. Kwenye pindo. Mie nikiwasikiliza najisifu. Nawaambia, Hafiz wangu anajua kusali bila kujichafua." Akavuta pumzi, na haikuja, akaivuta tena. "Nilikuwa nikifua nguo safi. Kila wiki. Nailoweka, nasugua, maji yanabaki meupe vile vile. Na sikuuliza."

Bi Zulaika aliiachia ncha ya kanga.

"Jumanne saa ngapi?"

"Asubuhi. Nitakuja kukuchukua mwenyewe."

"Mwambie na yule kijana aje mapema. Nataka kukaa naye kidogo kabla. Yeye ndiye aliyemsikia mwisho." Bi Zulaika aliegemea mbele, akaliondoa kawa, akalisukuma beseni la maji karibu na magoti ya mgeni wake. "Sasa ushasema. Kula."

Masuda alinawa, akala. Wali ulikuwa umeshapoa.